Santuri yenye ufa: nilichosema Jumamosi kuhusu muziki wa dansi wa London

Wengi mmenipigia simu mkisema mvua iliwazuia, wengine foleni, mmoja alikiri alilala tu. Basi nimekaa nimeandika yale niliyosema pale ukumbini kama nilivyoyasema, nimetoa tu ile dakika nzima ya kugombana na maiki. Picha nilizoonyesha ukutani hazimo ila hamjakosa kitu, nyingi zilikuwa wanaume waliopaka mafuta nywele wakaketi kwa mistari.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wengine wote habari za jioni, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke vizuri nimewaona, tena naanza na nyie.

Nani hapa anamjua Dua Lipa? Mikono juu. Haya, upande wa wazee hamna hata mkono mmoja, si kitu. Huyo binti wa London ana wimbo unaitwa "Love Again", wa mwaka 2020. Siku moja mpwa wangu alikuwa anaupiga jikoni huku anakatakata vitunguu, mimi niko sebuleni na gazeti langu, nikasikia tarumbeta. Tarumbeta imejikunyata hivi, kama mtu anayepita chini ya dirisha lako usiku anacheka peke yake, na hujui anachekea nini. Nikashusha gazeti. Nikamwita, "Wewe, hiyo tarumbeta imetoka wapi?" Akanijibu, "Anko, huo wimbo mpya." Nikamwambia wimbo mpya sawa, ila hiyo tarumbeta ni ya umri wa bibi yako.

Ile tarumbeta ilirekodiwa London mwaka 1932 na bendi ya Lew Stone, kwenye wimbo unaoitwa "My Woman", mwimbaji ni Al Bowlly. Ikalala. Mwaka 1997 jamaa mmoja anayejiita White Town akaikata akaibandika kwenye wimbo wake "Your Woman", ukapanda mpaka namba moja Uingereza. Ikalala tena. Kisha Dua Lipa naye akaja akaiamsha. Sasa niulize, mtu ukimfukua mara mbili ukakuta bado anahema, huyo kweli alikuwa amekufa?

Ndo nataka tuongee hilo leo. Sisi wapenzi wa zilipendwa tuna tabia ya kudhani zilipendwa ni zetu peke yetu, tukishamtaja Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu tunafunga mlango. Waingereza nao wana zao. Muziki wa bendi za dansi wa kati ya vita kuu mbili, tuseme kuanzia 1919 mpaka 1939, na makombo yake mpaka 1941. Bendi ya watu kumi, kumi na tano, midomo ya bata, yaani saksafoni, mitatu minne, tarumbeta, tromboni, piano, gitaa au banjo, besi ya kusimama, drams, mara nyingine fidla. Suti nyeusi, shati jeupe. Watu wanacheza foksitroti wameshikana, wala sio kama sisi tunavyosimama mmoja huku mwingine kule kila mtu na jasho lake.

Kwa nini muziki huo haufi?

Kabla sijajibu, hii hapa. Mnaiona? Naomba isipitishwe mkono kwa mkono maana najua mikono yenu ina mafuta ya mishikaki. Hii ni santuri ya kasi ya 78, inazunguka mara sabini na nane kwa dakika, na haikutengenezwa kwa plastiki, ndani yake mna utomvu wa wadudu wanaokaa kwenye miti kule India. Ukiidondosha imekwisha, inavunjika kama sahani. Alikuwa nayo babu yangu.

Babu mzaa baba alifanya kazi kwenye klabu moja ya wazungu wa mkonge kule Tanga. Kuosha glasi, kufuta meza, na kazi ya tatu ambayo ndo alikuwa anajivunia, kuzungusha hendeli ya gramafoni na kubadilisha sindano. Mnajua zile sindano za chuma zilikuwa za kutumika mara moja? Upande mmoja, dakika tatu, unaitoa unatupa unaweka nyingine, la sivyo inalima santuri kama jembe. Alikuwa na kikopo kidogo cha bati cha sindano, juu kina picha ya yule mbwa anayesikiliza gramafoni, kikopo hicho ninacho mpaka leo, mke wangu anawekea vifungo vya mashati. Basi babu jioni zile anasimama pembeni, kanzu nyeupe, mkono mmoja kwenye hendeli, anawaangalia wanavyocheza. Kukaa haruhusiwi, kucheza ndo usiseme kabisa. Ila miguu ndani ya viatu ilikuwa inahesabu. Polepole, polepole, haraka haraka, polepole. Usiku akirudi nyumbani anamfundisha bibi kwenye sakafu ya udongo, bila muziki wowote, anaimba mwenyewe kwa pua. Bibi mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema babu hakuwahi kuongoza hata siku moja, aliyekuwa anaongoza ni yeye.

Klabu ilipoletewa santuri mpya babu akagawiwa za zamani, na hii ndo iliyobaki. "Love Is the Sweetest Thing", imerekodiwa 1932. Someni lebo, mama hapo mbele una macho mazuri, hebu soma. Jina la wimbo lipo? Lipo. Mtunzi yupo? Yupo, Noble, yaani Ray Noble. Bendi ipo? Ipo. Mwimbaji je? Hayupo. Wameandika tu kwamba kuna kiitikio cha kuimbwa. Kaimba nani, shauri yako. Shikeni hapo, tutaparudia.

Na huu mstari mnaouona kutoka ukingoni kwenda katikati ni ufa, na ufa huu ni kazi yangu. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka saba nikaichukua nikaifanya usukani, naendesha basi kutoka uani mpaka barazani na abiria wote mdomoni mwangu, nikaligonga ukuta. Babu akaitoa mikononi mwangu, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha kwenye jalada lake. Hakunipiga. Angenipiga ningeshasahau.

Haya. Jambo la kwanza.

Muziki huu tunauita wa Waingereza, lakini hebu tuwahesabu hao Waingereza wenyewe. Al Bowlly, mwimbaji mkubwa kuliko wote wa enzi ile, huyo ambaye jina lake halimo kwenye lebo ya babu, alizaliwa 1898 Lourenço Marques. Lourenço Marques ni wapi? Maputo! Bahari hii hii, ukitoka hapa ukafuata pwani kusini utafika. Baba yake Mgiriki, mama yake Mlebanoni, wakahamia Johannesburg, kijana akawa kinyozi. Kinyozi jamani, mkasi na kiwembe. Akaingia kwenye bendi ya Edgar Adeler wakaenda mpaka India, baadaye yuko Calcutta anaimba hotelini, baadaye Singapore pale Raffles, anaimba na gitaa lake anasogea, anaimba anasogea. Mwaka 1927 yuko Berlin, ndo anarekodi mara ya kwanza, na 1928 anaingia London kuimba na Fred Elizalde hoteli ya Savoy. Elizalde naye? Mzaliwa wa Manila, Ufilipino. Ambrose, ambaye bendi yake pale May Fair Hotel wengi wanaipa namba moja kwa usafi wa upigaji, alizaliwa Warsaw kwenye familia ya Kiyahudi, akakulia mashariki ya London, upande wa wahangaikaji. Lew Stone, Joe Loss, Geraldo, Harry Roy, wote wana wa Wayahudi. Roy Fox Mmarekani, Carroll Gibbons Mmarekani. Ken Johnson, aliyeitwa Snakehips kwa jinsi kiuno kilivyokuwa kinakwenda, ametoka Guyana. Leslie Thompson mpiga tarumbeta ametoka Jamaika. Jack Hylton huyo angalau Mwingereza, ila naye katokea kaskazini karibu na Bolton, viwanda vya pamba na moshi, siyo London ya mabwana.

Mnaona? Chumba kizima cha wageni, wanawachezesha wenyeji.

(Hapa kijana mmoja akapaza sauti kutoka mlangoni: "Anko lakini si muziki wa mkoloni huo?" Watu wakacheka. Nilimjibu hivi.)

Mwanangu umeuliza vizuri na wala usione aibu, hata mimi nilijiuliza miaka mingi. Babu yangu alisimama pembeni na hendeli kwa sababu ya rangi yake, hilo silipaki mafuta. Na huko huko London ubaguzi ulikuwepo, mwaka 1943 Learie Constantine, mcheza kriketi anayejulikana dunia nzima, alikataliwa hotelini London kwa sababu ni mweusi, mpaka akaipeleka hoteli mahakamani na akashinda. Kwa hiyo hatudanganyani. Ila waliokuwa wanapuliza zile tarumbeta walikuwa ukumbini kama babu alivyokuwa ukumbini, kama wafanyakazi. Bowlly mwenyewe bendi ya Elizalde ilipoondoka Savoy 1929 alibaki hana kazi, miezi kadhaa anaimba barabarani London na gitaa lake, kofia chini, watu wanapita. Miaka mitano mbele anasikika kwenye nyumba za Uingereza nzima. Mimi nikiisikiliza sauti ile nasikia mtu anayejua baridi ya nje ya mlango. Babu naye nadhani alisikia, ingawa Kiingereza chake kilikuwa cha kuagiza barafu.

Jambo la pili, na hapa nitakaa kidogo, maana ndo moyo wenyewe.

Kurekodi kabla ya 1925 kulikuwaje? Kuna pembe kubwa la bati, unasimama mbele yake, unapiga kelele. Sauti yako inasukuma sindano moja kwa moja, hamna umeme. Anayeimba kwa upole santuri inatoka kimya. Kwa hiyo walirekodiwa wenye vifua, wale wanaoimba kama wanauza samaki. Mwaka 1925 ikaja kurekodi kwa umeme, maikrofoni ikaingia. Na kama kawaida yetu binadamu chombo kikabadilika watu hawakubadilika, waimbaji wengi wakaendelea kuipigia maiki kelele.

Bowlly na wachache wengine wakaelewa jambo moja. Maikrofoni siyo ukumbi. Maikrofoni ni sikio. Unaisogelea kama unavyosogelea sikio la mtu, na mtu ukimsogelea hivyo humpigii kelele, unamnong'oneza. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kuimba ya kubembeleza. Wapo waliochukia, wakasema huyu mwanaume gani anaimba kama anaumwa, na BBC wenyewe mwaka 1942, katikati ya vita, waliunda kamati ya kuzuia nyimbo za kubembeleza mno zisilegeze watu. Fikirieni, mabomu yanaanguka na mtu ameketi mezani anajadili huyu anabembeleza kupita kiasi au la.

Sasa angalieni nyimbo zenyewe zilivyojengwa. Hawaanzi na mwimbaji. Bendi inatangulia, inakupa tuni nzima, unaanza kucheza, umeshamshika wako, umeshasahau kwamba kuna mtu ataimba. Ndipo anaingia. Anaimba dakika moja na kitu, anatoka, bendi inamaliza. Basi! Dakika tatu zimekwisha, upande umejaa, sindano inakwaruza. Sikilizeni "The Very Thought of You" ya 1934, Ray Noble tena ndo mtunzi. Bowlly anakuja nyuma kidogo ya mdundo, siyo kuchelewa, ni kama mtu anayefikiria kabla hajasema, unasikia pumzi anavyovuta. Na akimaliza anaondoka bila kung'ang'ania, hana madoido ya mwishoni, kama mgeni mwenye adabu anayenyanyuka kabla chai haijapoa. Nyie mnaosema nyimbo za siku hizi mtu anaimba dakika tano hujui kasema nini, mnanielewa.

Huyo Ray Noble hakuwa na ukumbi. Alikuwa kiongozi wa bendi ya studio ya HMV, kampuni ya santuri ya yule mbwa wa kwenye kikopo, anachukua wapigaji wazuri kutoka bendi za hotelini, wanakuja mchana wanarekodi, jioni kila mtu anarudi kwa bosi wake. Baadhi wametumika kwake mchana, kwa Ambrose usiku. Sisi wa Msondo na Sikinde tukisikia hivyo tunatabasamu. Na kuhusu kunyang'anyana wanamuziki, mnamkumbuka Lew Stone wa ile tarumbeta? Alikuwa mtu wa kupanga muziki kwenye bendi ya Roy Fox, pale mgahawa wa Monseigneur. Fox akaugua kifua akapelekwa Uswisi kutibiwa, Stone akashika bendi. Fox akarudi, mambo yakavutana, mkataba ulipoisha 1932 Fox akaondoka, na wanamuziki karibu wote wakabaki na Stone! Hamjawahi kuisikia hadithi kama hiyo hapa Dar? Sitaji mtu.

Bowlly yupo katikati ya yote hayo, mchana HMV na Noble, usiku Monseigneur na Stone. Kati ya 1930 na 1934 alirekodi nyimbo zaidi ya 500. Gawanyeni wenyewe kwa wiki. Na kwenye lebo nyingi: kiitikio cha kuimbwa. Hana jina! Watu wanainunua sauti yake, wanailalia, wanachumbiana nayo, jina lake hawalisomi popote. Nadhani ndo sababu nyingine inayofanya sauti ile isichoshe, haikuja na bango. Ilikuja kama sauti tu.

Jambo la tatu nitalipitisha haraka maana naona sahani zinagongana kule nyuma.

Muziki huu ulipigwa kwa matajiri, ukasikilizwa na maskini. Savoy, May Fair, Monseigneur, huko mtu wa kawaida haingii, ukitazama menyu tu unaugua. Lakini studio za BBC miaka ile ya mwanzo zilikuwa Savoy Hill, ubavuni mwa hoteli ya Savoy, waya ukavutwa, na tangu 1923 bendi za Savoy zikawa zinasikika redioni. Baadaye Jumanne usiku ni Lew Stone kutoka Monseigneur. Sasa mfikirie mtu wa kaskazini, mwaka 1932, kiwanda kimefungwa, Uingereza ina watu karibu milioni tatu wasio na kazi, anakaa jikoni na redio ya kuungaunga, anasikia bendi, na nyuma ya bendi anasikia watu wakicheza na glasi zikigongana. Hana tiketi, hana suti, yumo ukumbini. Mwaka huo huo ndo Noble anatunga kwamba mapenzi ndo kitu kitamu kuliko vyote. Kejeli? Labda. Mimi nadhani mtu mwenye njaa haimbiwi njaa.

Alafu kuna Henry Hall na bendi ya BBC yenyewe, kuanzia 1932, saa kumi na moja na robo jioni, watoto wametoka shule mama anapika. Yule ndo wa "Teddy Bears' Picnic", dubu wanakwenda pikiniki porini. Mafundi redio wenzangu mtaipenda hii: ile santuri ilikuwa na sauti za chini sana na za juu sana, basi mainjinia wa BBC wakaitumia miaka na miaka kupimia mitambo. Jumapili BBC hamna dansi, mkuu wao alikuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo watu wakageuza kisahani kwenda Radio Luxembourg. Utamzuia nani?

Na huku kwetu? Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi kwa HMV, kampuni hiyo hiyo ya mbwa na gramafoni. Mwaka 1932, huo huo tunaoutajataja tangu nianze, ikaanzishwa Dar es Salaam Jazz Band. Vijana wa miji ya pwani walikuwa na klabu za dansi, suti na gauni, foksitroti na waltzi, wazee wa mji wanawaangalia wanasema hawa watoto wamepotea. Hilo neno dansi mnalolitamka kila siku lilikuja na viatu vile. Kwa hiyo kijana wa mlangoni, babu yangu hakuwa peke yake.

Siyo kwamba kila kilichopigwa kilikuwa dhahabu. Nyimbo za kijinga zilikuwepo, tena nyingi mno, za kuchekesha ambazo hazikuchekesha hata siku ile, na bendi nyingine zilipiga kama wanapanga matofali. Mimi nina santuri mbili za namna hiyo nimefanya sahani za kuwekea maua.

Sasa la nne. Hapa naomba utulivu, hata wa mishikaki.

Vita ikaanza 1939. Ken Johnson, Snakehips, alikuwa ndo anatimiza miaka ishirini na mitano, anaongoza bendi ya weusi watupu, wa Karibiani na wengine wazaliwa wa huko huko Uingereza, waliopiga swingi ikaeleweka. Walikuwa Café de Paris, Mtaa wa Coventry, katikati ya London. Ukumbi uko chini ya ardhi, unashuka ngazi. Watu waliuamini, London inapigwa usiku kucha lakini huku chini tuko salama. Jumamosi tarehe 8 Machi 1941 watu wamejaa, wanajeshi wa likizo na wachumba zao, bendi ndo imeanza "Oh Johnny". Bomu likaingia. Walikufa watu zaidi ya thelathini, Snakehips mmoja wao, na mpiga saksafoni wake Dave Williams. Waliomwona walisimulia kwamba mwili wake haukuwa na jeraha, ua bado liko kwenye koti. Miaka ishirini na sita.

Bowlly wakati huo nyota ilikuwa imeshuka. Alikuwa amekwenda Marekani 1934 na Ray Noble, akaimba New York, ikaenda vizuri ikaacha kwenda vizuri, akarudi 1937, koo likamsumbua mpaka akafanyiwa upasuaji. Sasa anazunguka na mwenzake Jimmy Mesene, wawili na magitaa yao, miji midogo, majumba ya sinema. Tarehe 2 Aprili 1941 alirekodi kwa mara ya mwisho, wimbo wa kumkejeli Hitler, wa kusubiri siku atakayokufa. Tarehe 16 walipiga High Wycombe. Baada ya shoo wakaambiwa laleni huku huku, London si salama usiku huu. Bowlly akasema hapana, nalala kwangu. Akapanda treni ya mwisho. Usiku ule ndege za Wajerumani zikadondosha bomu la mwavuli nje ya jengo lake, Mtaa wa Duke. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili amekufa. Naye inasimuliwa mwili haukuwa na alama, mlango wa chumba uling'oka ukampiga kichwani. Akazikwa kaburi la pamoja na wengine waliouawa na mabomu.

Sasa hesabuni na mimi. Tarehe 8 Machi mpaka 17 Aprili. Machi zimebaki siku ishirini na tatu. Ongeza kumi na saba.

Arobaini.

Nilipohesabu mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Waingereza wanaoandika habari za watu hawa sijaona anayeijali hesabu hiyo, kwao ni wiki tano na ushee. Sisi ndo tunaojua arobaini ni nini. Ni siku ya kusoma dua, kupika, kumruhusu marehemu aende zake na waliobaki warudi kazini. Siku ya arobaini ya kijana wa Guyana akaondoka kinyozi wa Maputo, na hakuna aliyepikia yeyote kati yao.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini muziki ule haujazeeka, sehemu ya jibu ni kwamba haukuachiwa uzeeke. Bowlly hatujawahi kumwona na tumbo na miwani anaimba vibaya kwenye harusi. Ulikatwa katikati ya mstari. Ndo maana watu wa sinema na televisheni wakitaka kukuonyesha wakati uliokwama wanamwendea yeye. Mwaka 1978 BBC walitoa tamthilia, "Pennies from Heaven", waigizaji wanafumbua midomo na sauti zinazotoka ni za santuri za miaka ya 1930. Mwaka 1980 ile filamu ya kutisha, "The Shining", inafunga kwa picha ya zamani ukutani na Bowlly anaimba kuhusu usiku wa manane na nyota. Na juzi juzi kuna jamaa anajiita The Caretaker, amezichukua santuri za namna hii akaziharibu taratibu, saa na saa, mikwaruzo inaongezeka mpaka wimbo unapotea, anaonyesha mtu mzee anavyopoteza kumbukumbu. Watoto wa TikTok waliisikiliza usiku kucha wakalia. Mpwa wangu wa vitunguu alikuwa mmoja wao, akaja asubuhi macho mekundu ananiuliza, "Anko, huyu anayeimba ni nani?"

Swali zuri sana hilo. Lebo ya babu haikumjibu.

Basi yatosha. Kijana wa mlangoni, wewe uliyeuliza la mkoloni, njoo huku mbele, leo hendeli ni yako. Zungusha, usiogope, mpaka uhisi spiringi inakataa, hapo hapo acha. Sindano nimeweka mpya. Wazee mnaojua foksitroti simameni, msiojua mshikeni anayejua, mama wa macho mazuri mimi nakuja kwako, na ukitaka kuongoza ongoza.

Jambo moja tu la kiufundi. Ule ufa wangu wa 1979 sindano inaugonga kila mzunguko, kwa hiyo mtasikia tak, tak, tak, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa juu kabisa ya bendi. Hamna kilichoharibika. Msisimame, chezeni nayo.